Wiki nane za kuchora Mkunazini: niliyoyaona, bei yake, na kilichoniudhi

Nianze na ngazi, mana ndo kitu cha kwanza utakachokutana nacho. Darasa hili la tiba ya sanaa, yaani kuchora na kushika udongo ili moyo utulie, liko ghorofa ya pili kwenye nyumba kongwe, uchochoro wa nyuma huku Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, hakuna kibao wala tangazo, ni mlango wa mbao tu, ukiingia ndani unakuta ngazi zile za zamani zilizosimama wima na kamba ya kushikia upande mmoja. Mwenye magoti mabovu ajue hilo kabla hajalipa. Siku ya kwanza nilifika juu nahema, nikasimama mlangoni pale nikataka kurudi nilikotoka, na nadhani ningerudi kweli kama si mama mmoja mtu mzima aliyekuwa keshakaa kwenye mkeka akaniambia karibu mwanangu, kaa hapa penye upepo.

Sasa kwa nini nilikwenda. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, na nikamuuguza mimi miaka miwili na miezi. Walionifundisha hospitali waliniambia mgonjwa wa namna hiyo ageuzwe kila baada ya saa mbili usiku na mchana asije akapata vidonda, basi nikatega simu, saa sita, saa nane, saa kumi, kila ikilia naamka natia mkono mmoja chini ya bega na mwengine chini ya nyonga, namwinua kidogo, namsukuma taratibu, naweka mto, narudi kulala. Miaka miwili. Alipofariki watu walijaa, tukasoma hitma, arobaini ikapita, kila mtu akarudi kwake kama ilivyo desturi na simlaumu mtu. Saa kwenye simu nilishaifuta. Lakini mikono haikufutika, saa nane usiku naamka nimeshakaa kitako na mikono iko mbele inatafuta mtu wa kumgeuza, na kitanda chake kilishatolewa zamani.

Mimi nasomesha hesabu skuli ya sekondari, nikawa nageuka ubaoni nasahau nilichotaka kuandika na watoto wananitizama. Nyumbani nikiulizwa nasema nimechoka tu. Mwalimu mwenzangu ndo aliyeniambia kuna dada anafanya mambo ya tiba ya sanaa Jumamosi asubuhi, nenda kajaribu. Nikamwambia mimi sijui kuchora hata kikombe. Akasema hata yeye hajui, na anakwenda.

Bei: elfu kumi na tano kwa siku moja, au laki moja ukilipa zote nane kwa pamoja. Saa tatu asubuhi mpaka saa tano. Kwa mshahara wa mwalimu si pesa ndogo na sisemi ni rahisi, ila karatasi, rangi na udongo vyote viko ndani ya bei, na chai ya tangawizi ipo. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wanaume wawili tu. Ya wenzangu sitayasema hapa, tuliahidiana hivo.

Siku ya kwanza yule dada, ndo mwalimu wetu pale, alisema maneno mawili ambayo kwangu mimi ndo yaliyonifanya nimuamini. La kwanza, hapa hakuna atakayefundishwa kuchora na hakuna atakayepewa maksi. La pili, mimi si daktari, ukiwa huli hulali wiki mbili mfululizo, au umeanza kuona bora usingekuwepo, darasa hili halikutoshi, nambie nikusindikize hospitali, na akalitaja Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, wazi wazi bila kupunguza sauti. Jamani hili nimelipenda sana. Sisi jina la hospitali ile tumelifanya la kutukanana, mtu akikuudhi unamwambia mpelekeni Kidongo Chekundu, halafu mtu wa nyumbani kwako akiugua kweli unashindwa kumpeleka kwa sababu ulishacheka na wenzako. Yeye alilitaja kama unavyotaja Mnazi Mmoja, ni hospitali, watu wanakwenda wanatibiwa.

Basi akatugaia karatasi kubwa na vipande vya makaa, akasema chora ulivyoamka leo. Nikakaa nusu saa nzima natizama karatasi. Wenzangu wanachora, nasikia makaa yanakwaruza, mimi sina kitu. Mwisho nikaanza kupaka pembeni, nikapaka nikapaka, nikakandamiza mpaka makaa yakavunjika, nikachukua mengine, nikamaliza karatasi nzima imekuwa nyeusi na kona moja imechanika. Nikatoka pale nina hasira na sijui nimemkasirikia nani. Nimeshuka zile ngazi nikasema sirudi tena, laki yangu imekwenda.

Nilirudi kwa sababu mwalimu alinitumia ujumbe jioni, mfupi tu, kwamba siku ya mwanzo wengine wanatoka wepesi na wengine wanatoka wazito na yote mawili hutokea. Wiki ya pili nikambana, nikamwambia nieleze, mimi mtu wa hesabu. Akanieleza vizuri. Kuna utafiti ulifanyika Marekani, chuo kikuu cha Drexel, Girija Kaimal na wenzake, ukatoka mwaka 2016. Waliwachukua watu wazima 39 wakawapa karatasi, kalamu za rangi, udongo, wafanye wanachotaka dakika 45, na kabla na baada wakawapima mate yao kuangalia kotisoli, ile homoni ya mwili inayopanda mtu akiwa na msongo. Kwa kiasi cha asilimia 75 ya watu hao ilishuka. Na aliyewahi kuchora na asiyewahi kuchora hawakuachana. Mimi nikamuuliza hapo hapo, na ile robo nyengine? Akasema kwa baadhi yao ilipanda, ndo nakwambia ulivotoka wiki iliyopita hukuwa peke yako. Haya, watu 39 ni wachache, darasa langu la kidato cha pili ni wengi kuliko hao, na mtu akija kukwambia sayansi imethibitisha kila kitu kwa hesabu hiyo mwambie apunguze kidogo. Lakini lile jambo la kwamba ujuzi wa kuchora hauhusiki lilinitoa aibu, kwa kweli.

Na kitu chenyewe si kipya kama wengi wetu tunavyodhani. Jina hilo la tiba ya sanaa alilianzisha mchoraji wa Kiingereza Adrian Hill mwaka 1942, mtu mwenyewe alikuwa anaumwa kifua kikuu, amelazwa, hana pa kwenda, akawa anachora vitu vilivyo karibu na kitanda chake mpaka akaona vinamsaidia na akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake. Niliposikia amelala kitandani anachora vilivyo karibu nikamkumbuka mama, kabla ya kuugua alikuwa mshonaji wa kofia za viua, anakaa barazani na wenzake alasiri, kitobo kimoja kimoja, na alikuwa akigombana na mtu anaiendea kofia yake hata chakula hataki. Nikimuuliza anasema niache nitulie. Hakuna aliyeita tiba. Tofauti ni kwamba kofia ilikuwa iuzwe, ukikosea kitobo unafumua, na hapa hakuna wa kukwambia fumua.

Wiki ya tatu ilikuwa udongo na hiyo ndo nataka kuieleza vizuri.

Mwalimu aliweka bonge la udongo wa mfinyanzi kwenye trei mbele ya kila mtu, ubichi, baridi, unanuka kama kisima. Akasema fumbeni macho, msitengeneze kitu, mikono ifanye inachotaka. Nikafumba. Nikaushika, mzito kuliko nilivyodhani. Na mikono yangu ikaanza kuugeuza. Mkono mmoja ukaingia chini, mwengine ukashika ubavuni, ukainua kidogo, ukasukuma taratibu, ukaulaza upande. Halafu tena. Halafu upande wa pili. Sijui niliugeuza mara ngapi, mpaka nikasikia mwili mzima umejua nafanya nini kabla mimi mwenyewe sijajua, na machozi yakawa yanatoka yenyewe mpaka kwenye trei, na mimi nageuza tu. Hakuna aliyenishika bega, hakuna aliyeniambia pole dada subiri ni kazi ya Mungu, maneno hayo nilishayasikia msibani na yana mahali pake. Mwalimu alikuja akaniwekea beseni la maji na kitambaa pembeni akaondoka. Nilivyofumbua macho udongo umekuwa kama mto mrefu umelazwa ubavu. Nikanawa mikono, nikanywa chai.

Usiku ule niliamka saa nane kama kawaida. Mikono ilikuwa imetulia juu ya mapaja. Nikashuka nikatia udhu nikasali rakaa mbili na nikalala mpaka alfajiri, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sisemi nimepona ugonjwa wote siku moja. Wiki ya nne sikulala tena. Lakini nilijua kuna mlango.

Baada ya hapo kila mtu alichagua kazi yake kubwa ya kwenda nayo mpaka mwisho. Mimi nilichora kanga. Nilianza na pindo, nikalizungusha pande zote nne kwa vitone vidogo vidogo vyekundu na vyeusi, hilo peke yake lilinila Jumamosi mbili na nilitamani liwe tatu, mkono unakwenda na pumzi inakwenda nao. Mji, yaani pale katikati ya kanga, nikautia majani ya mkungu na vikorosho. Pakabaki pa jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga. Wenzangu wanajua kanga bila jina haijakamilika, na mimi kila nikishika brashi napaangalia pale naacha. Mwalimu alipita akasema, hapa pamebaki wazi, nikamwambia ndio, akasema sawa, akapita. Wiki ya saba nimekaa tu nikapaandika NIMELALA MAMA, kwa herufi kubwa kama zile za kanga zenyewe, nikarudisha brashi kwenye kikombe. Iko nyumbani, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Sasa kuna maswali nimeulizwa na watu wangu mwenyewe, bora niyajibu. Kaka yangu aliniuliza, unalipa pesa kwenda kuchorachora kama mtoto wa nasari, si ukae usome Qurani utulie? Nikamjibu kwa adabu kwamba nasoma, nilikuwa nasoma kichwani kwa mama mpaka dakika yake ya mwisho na nasoma mpaka leo, hili halikuja mahali pa lile. Ukivunjika mguu unaomba dua na unakwenda kufungwa plasta. Na suala la kuchora viumbe vyenye roho dada mmoja aliliuliza siku ya kwanza kabisa, na lilichukuliwa kwa heshima, hakuna aliyelazimishwa kuchora sura ya mtu, wengi wetu tulikwenda na majani, mistari, milango ya Mji Mkongwe na yale mauwa yake, mawimbi, na siku moja tulifanya mitindo ya hina kwenye karatasi na akina mama waliokuwa wanajidai hawajui kuchora wakatushangaza wote, kumbe mkono uliozoea kumpamba bi harusi unajua zaidi ya unavyosema.

Nasema hivi kwa sababu visiwani kwetu tuna tabia ya kujikaza. Meli ya Spice Islander ilizama 2011, mwaka uliofuata 2012 ikafuata Skagit, ukoo kwa ukoo walizika, wengine hawakupata hata wa kumzika, na baada ya hitma watu wakarudi sokoni na makazini, mtu anakutana na mwenziwe Darajani wanaulizana hali, nzuri, alhamdulillah. Kushukuru ni wajibu. Lakini lililobaki kifuani nalo linataka pa kuwekwa, na si kila mtu ana maneno. Mimi maneno sikuwa nayo. Nilikuwa na mikono.

Kilichoniudhi sasa, na sitakificha. Wiki ya saba kijana anayesaidia kupanga vifaa alipiga picha kazi zetu akaziweka kwenye status yake kutangaza darasa, na kanga yangu ikiwemo, na karatasi ya dada mwengine iliyokuwa na maandishi yake ya ndani kabisa. Mimi nilioneshwa na mwanafunzi wangu, mwalimu hii si kama mwandiko wako? Nilihisi nimevuliwa nguo. Watu hawakwenda pale kutengeneza mapambo ya ukumbini, kile kilicho kwenye karatasi ni sawa na ulichomwambia mtu chumbani umefunga mlango. Nilimpigia mwalimu nimekasirika, na picha zikatolewa ndani ya saa moja, Jumamosi iliyofuata akatuomba radhi sote mbele ya kijana yule, na kijana naye akaomba, na tangu siku hiyo simu zote zinawekwa kwenye kikapu mlangoni. Wameshughulikia vizuri na nimewasamehe. Lakini sheria hiyo ilitakiwa iwepo siku ya kwanza, kabla ya chai, na yeyote anayetaka kufungua darasa kama hili popote Unguja au Pemba aanze na kikapu.

Mengine ni madogo. Hawaanzi kwa wakati, saa tatu yao ni saa tatu na nusu, na mimi nimetoka Fuoni na gari mbili. Chumba kinatosha watu wanane, kumi na mmoja tuligongana viwiko hasa siku ya rangi za maji. Jirani anachomelea vyuma Jumamosi na kuna siku kelele zilitukatisha kabisa. Na wanaume wawili ni wachache, siamini kwamba wanaume wa mji huu hawana msongo, nadhani wakiwekewa zamu yao ya jioni baada ya magharibi wangekuja, nimemwambia mwalimu na amesema anafikiria.

Ukiniuliza nyota nampa nne kwa tano, na ile moja ni ya picha. Kwa nani nampendekezea: aliyeuguza, aliyefiwa, aliyeachwa, mwalimu, muuguzi, mama mwenye mtoto mdogo asiyelala, mtu anayesikia kifua kimebana na hajui aanze wapi kusema. Kwa nani simpendekezei: anayetaka kujifunza kuchora picha za kuuza, atasikitika, hakuna anayekuonesha kivuli wala umbali, kwa hilo nenda kwa wachoraji wenyewe kule Hurumzi au Gizenga. Na aliyezidiwa hasa aanze hospitali, halafu aje huku.

Awamu nyengine inaanza baada ya Sikukuu, nafasi ni nane safari hii, wamepunguza. Mimi nimeshalipa tena. Nampeleka na mdogo wangu, ambaye wakati namuuguza mama yeye alikuwa Pemba kikazi na kila mwezi akituma pesa, na tangu mazishi hajalizungumza hata mara moja.

Mkija, vaeni nguo mnazotaka zichafuke, na buibui livueni mlitundike mlangoni kuna misumari, makaa yakiingia kwenye mtandio mweupe mtahangaika nayo. Na kila mtu abebe kitambaa chake cha kufutia mikono, pale wanatoa kimoja kwa watu wawili.